Maji ya Zamani ya Mzee Anaeli

Asubuhi ile maji yaliupita mlango wa shamba la Ndeonasia, yakakata kushoto, yakaingia kwenye mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee, ambao haukuwa umeonja tone tangu Aikande azaliwe. Na Aikande alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, mwenye mvi tatu alizokwisha kuzing'oa na zikarudi.

Alisimama ukingoni na ufunguo wa chuma begani, ule wa kufungulia milango ya maji kwa mkono, mrefu kama mwiko wa shughuli. Uliwekwa kwa ajili ya dharura. Kwa miezi minane sasa dharura ilikuwa kila siku. Baba yake, Mzee Anaeli, mgawa maji wa Kirimeni, aligawa saa kumi na mbili kamili akiwa amesimama barazani, macho ameyafumba. Nusu saa baadaye Aikande alitoka kupita nyuma yake, mlango huu anaufunga, ule anaufungua, kabla watu hawajamaliza chai. Saa tatu alipanda kwenda kwenye kazi yake mwenyewe, kushona nyavu za kunasa maji ya ukungu kule juu ambako bibi zake walisema kulikuwa na theluji.

"Aikande! Simama hapo hapo."

Ndeonasia alikuwa anakuja kati ya migomba, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, mjane wa miaka themanini kasoro ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Salamu nimepokea, sasa nipe na habari. Siku tatu mfululizo maji ya baba yako yanalala kwangu. Magimbi yangu yanaogelea. Jana sokoni watu wamenipisha njia kama bibi harusi. Wanasema Mzee Anaeli ananichumbia kwa mfereji."

Aikande alicheka kwa kuwa hakupata la kufanya.

"Usicheke. Kuchumbiwa nisingekataa, ila mtu aje na miguu yake. Kuna nini kwenu?"

"Mlango wako una kutu, bibi. Nitautazama."

"Una kutu," Ndeonasia alirudia, akimtazama machoni. Mwanamke huyu alimbeba Aikande mgongoni siku ambazo mama yake alikuwa mgonjwa. "Haya, mwanangu. Kutu."

Akageuka kurudi kwenye magimbi yake, na Aikande akabaki na aibu yake. Lakini maji hayakumngoja. Yalikuwa yameshuka hatua thelathini mbele, naye akaacha kila kitu, akayafuata.

Yalikwenda polepole, yakisukuma mbele yake majani makavu, maganda ya konokono na povu la rangi ya kahawa. Ardhi ilikuwa inayanywa kwa sauti. Siafu walitoka kwenye nyufa wamebeba mayai yao. Chini ya vumbi yalitokea mawe, yamepangwa ubavu kwa ubavu na watu ambao hakuna aliyejua makaburi yao, na kila jiwe lililolowa lilibadilika kutoka kijivu kuwa jeusi linalong'aa. Mfongo ulipinda, mlango mdogo wa mbao uliomezwa na mizizi ukanguruma, ukainuka wenyewe. Halafu mwingine. Miaka thelathini iliyopita, milango ya Kirimeni ilipowekewa masikio ya kusikia uzi ulio kichwani mwa mgawa, Mzee Anaeli alitaka yawekwe kwenye yote mia mbili na kumi na minne, hata ile iliyokwisha kufa. Mafundi walimcheka. Sasa milango iliyokufa ilikuwa inamsikia, mmoja baada ya mwingine, na Aikande aliona nywele za mikono zikimsimama.

Maji yalifika kwenye msingi wa nyumba uliobaki mawe manne na mti wa kahawa uliogeuka pori. Yakauzunguka. Yakatulia. Chura akalia mahali ambapo Aikande angeapa hakuna chura.

Simu mkononi mwake ikatikisika. Ilikuwa sauti ya Bibi Elirehema, mwenyekiti wa Baraza la Maji, anayefuga samaki kule chini Mashukoni.

"Mabwawa yangu yamekauka. Vifaranga wangu wa samaki wanagaragara kwenye matope, wewe mtoto, nawaokota kwa ndoo. Baba yako yuko wapi?"

* * *

Baba yake alikuwa mezani, ameshika kikombe, anamweleza Daktari Kokushubila mambo ya zamu. Daktari, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya chini, ndiye aliyetunza nyuzi zote za wilaya. Aikande alikuwa amemwita mwenyewe, akiwa bado anatembea kutoka kwenye yale mawe manne, kabla ujasiri haujamtoka.

"Leo zamu ya nani?" Mzee Anaeli akauliza.

"Leo Alhamisi, baba. Zamu ya Mashukoni."

"Ehe. Mashukoni." Akanywa chai. "Leo zamu ya nani?"

Daktari alikuwa amemwegesha kibati kidogo nyuma ya sikio la kulia, mahali uzi ulipoingilia. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, na ncha zake zilisambaa ndani ya ubongo wa mzee kama mizizi ya mgagani. Mgawa alipokusudia mlango ufunguke, ulifunguka. Hapo kabla Kirimeni iligawiwa maji na mashine, na mashine ile haikukosea hesabu hata siku moja. Mwaka wa ukame ilipiga hesabu zake na kuifungia Mashukoni yote siku kumi na tisa, na watu walipokwenda kulalamika walikuta kabati la bati. Tangu hapo sheria ya Kirimeni ilikuwa fupi: maji yagawiwe na mtu mwenye mlango unaogongeka.

Kibati kilitupa mwanga ukutani. Aikande alitegemea kuona mchoro wa hospitali. Aliona mlima. Vijito vya nuru vilishuka ukutani na kugawanyika, vikagawanyika tena, mamia kwa mamia, na kila baba yake alipovuta pumzi vilipiga kama mishipa. Akaweka mkono mdomoni.

"Huyo ndiye baba?"

"Huyo ndiye," daktari alisema. "Na pale penye giza, juu kulia, palikuwa baba pia."

Giza lilikuwa kubwa kuliko Aikande alivyotaka.

"Mama Aikande yuko wapi?" mzee akauliza ghafla. "Mgeni amekaa bila ndizi."

"Baba, mama alifariki. Miaka tisa sasa. Nilikwambia jana."

Kikombe kilianguka. Mzee Anaeli alimtazama binti yake kama mtu aliyeletewa taarifa mlangoni, kisha akainamisha uso kwenye viganja na kulia, kilio cha mara ya kwanza, kizima kizima. Aikande alikuwa amekisababisha jana pia, na juzi. Alidhani ukweli ni heshima.

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu na mzee, akamshika mkono. "Mama Aikande alikuwa anapikaje hizo ndizi, mzee?"

"Na maziwa mgando," alisema kwa kwikwi. "Na nyama. Haweki bizari. Mtu wa bizari ni dada yake." Akajifuta. Baada ya dakika tano alikuwa anacheka habari za yule dada, na baadaye akasinzia.

"Sikiliza, mama," daktari alimwambia Aikande barazani. "Dimensia ya aina hii haianzi popote tu. Inaanzia pale ubongo unapoweka mambo mapya. Ndiyo maana ya jana hayashiki, anakuuliza swali moja mara kumi, na kwake kila mara ni ya kwanza. Halafu inakula kurudi nyuma. Saa na siku, njia za karibu, majina ya wajukuu kabla ya majina ya kaka zake. Kupima jambo na kuamua kunaharibika mapema, ndiyo sababu milango inakosewa. Mwishoni inafika kwenye mwili, kutembea, kumeza. Lakini kazi ya mikono, nyimbo, na hisia vinakaa muda mrefu. Ukimwambia mkewe amekufa, saa ya chakula atakuwa amesahau ulichosema. Uchungu utabaki, na hatajua umetoka wapi."

"Nimemfanyia hivyo miezi yote hii."

"Hukuwa unajua. Sasa unajua. Usibishane naye kuhusu mwaka. Mwulize habari za huko aliko, akutembeze. Na usifanye peke yako, utaanguka wewe kabla yake."

Kisha alimpa mambo matatu ya kuchagua, kwa sababu sahihi ya kuhamisha uzi ilikuwa ya mtoto wa mgonjwa. Wangeweza kuukata wote, na ubongo uliouegemea miaka thelathini ungeweza kupoteza maneno siku hiyo hiyo. Wangeweza kuuacha, na Kirimeni yote ikanywa kwa akili inayorudi nyuma. Au wangeweza kumtoa kwenye milango na kumwachia hisia.

"Hisia vipi?"

"Uzi utamwigizia mlima mzima. Kila asubuhi atagawa, na milango yote itamjibu ndani ya kichwa, wala hakuna utakaosogea. Atakuwa mtulivu. Hatajua."

"Mlima wa uongo."

"Wengi wanauchagua. Mimi siwalaumu, na wewe usiwalaumu."

Aikande hakuwalaumu. Kusema kweli alitamani kutia sahihi palepale. Kilichomzuia ni miguu ya baba yake. Miaka yote thelathini, jua likiwa utosini, mzee alishuka hadi mwisho wa mfongo mmojawapo, akavua kiatu, akatumbukiza mguu. Milango ikimwambia ndani ya kichwa kwamba maji yamefika, yeye alikuwa haamini mpaka unyayo ulowe. Angemweka kwenye mlima wa uongo, halafu saa sita mchana angeshuka kuvua kiatu kwenye vumbi.

* * *

Mchana huohuo alifungua kabati la Baraza, akatoa ramani za mifongo, zile za karatasi ya kupenyeza mwanga, moja kwa kila miaka kumi. Alizibandika dirishani, moja juu ya nyingine. Halafu akachukua daftari lake la siri, lenye kila mlango alioukuta umekosewa katika miezi minane, akaanza kuweka alama kwa kalamu nyekundu.

Alama za mwezi wa kwanza ziliangukia ramani ya miaka kumi iliyopita, sawasawa, bila kupotea hata moja. Za mwezi wa tatu ziliangukia ile ya miaka ishirini. Shamba la Ndeonasia lilikuwa limepewa maji siku tatu kwa sababu kwenye ramani ya miaka hamsini lilipewa siku tatu: mwaka ule alikuwa mama kijana mwenye mapacha wachanga, na mgawa wa zamani alimwongezea zamu ya kufulia nepi.

Aikande alikaa chini sakafuni. Kwa miezi minane alikuwa anapita nyuma ya baba yake akisahihisha makosa, na hayakuwa makosa. Mzee Anaeli alikuwa anagawa bila dosari. Aligawa kwa watu waliokuwepo, kwa haki, kila nyumba na haja yake, ila walikuwa watu wa miaka hamsini iliyopita. Alikumbuka nyumba ambazo Kirimeni yote ilikuwa imezisahau. Mlima mzima ulikuwa umelala ndani ya mtu mmoja, tabaka juu ya tabaka, na ulikuwa unaondoka kuanzia juu. Aikande alilia pale, na hakujua kama ni huzuni au ni kustaajabu, kwa kuwa vyote viwili vilimjaa kwa pamoja.

Ramani ya chini kabisa ilikuwa ya utoto wa mzee. Ilikuwa na mfongo mmoja, wa ukoo wao, unaoishia kwenye mawe manne na mti wa kahawa. Alihesabu kasi, iliyokuwa inazidi kila wiki. Ifikapo Jumatatu baba yake angefika pale chini, na siku hiyo angefungua mlango mmoja tu, na mia mbili na kumi na mitatu ingefungwa, na hakuna ufunguo wa mkono ambao ungeimaliza kabla ya mchana.

* * *

Baraza lilikaa Jumamosi kwenye ghala la zamani la kahawa. Aikande alisimama mbele na ramani zake, akasema yote: ugonjwa, ufunguo, daftari, uongo. Mlimani kwao aibu ya mgawa ni ya nyumba nzima, na aliisikia ikipita kwenye viti.

Bibi Elirehema alinyanyuka. "Miezi minane umetudanganya usoni. Vifaranga wangu nimewazika. Uzi ukatwe leo, na apewe mtu mwingine, mtu wa kweli."

"Mtu gani?" Ndeonasia aliuliza bila kusimama. "Miezi minane maji ya Kirimeni yamegawiwa na huyu binti, kwa mkono, anakimbia kama mwizi. Milango mia mbili na ushee. Nani hapa alikauka? Wewe, siku moja. Mwingine nani?"

Mtu mmoja nyuma akasema yeye alifikiri mzee ana jambo na mjane.

"Na mimi nilifikiri hivyo," Ndeonasia alisema. "Nimeshasuka nywele bure."

Kicheko kilipita ghalani, na hata Bibi Elirehema alifinya midomo. Lakini alibaki amesimama. "Na mzee? Tumwache na uzi?"

"Mlango mmoja," Aikande alisema. Daktari, aliyekaa pembeni, aliitikia kwa kichwa; walikuwa wamelizungumza. "Mlango wa mfongo wetu wa zamani. Maji yatoke kwenye zamu ya shamba letu, tusimpunguzie mtu. Mingine naipokea mimi, kama mtanikubali. Sitaki kumwigizia. Akifungua, maji ya kweli yashuke."

"Na akishuka na maji hadi mwisho wa mfongo, anafanya nini huko? Anakaa?" Bibi Elirehema aliuliza.

Ndeonasia ndiye aliyeinua kichwa. "Anaita," alisema polepole. "Jamani, mmesahau? Kabla ya nyuzi, kabla hata ya mashine. Maji yakifika mwisho wa mfongo, aliyeko chini anaita 'Yamefika!', jirani wa juu anaipokea, na wa juu yake, hadi kwa aliyeshika mlango. Anaeli nilimkuta ndiye mwitaji. Nimefika hapa bibi harusi, kitu cha kwanza nilichokisikia asubuhi ni sauti yake. Nilitaka kurudi kwetu."

Bibi Elirehema aliketi. Hakusema amekubali. Alisema kikao kinafungwa, na kwa mwanamke yule ilikuwa ni vilevile.

* * *

Jumapili baada ya ibada Aikande alimkuta baba yake barazani, anamenya ndizi kwa kisu, maganda yote marefu sawasawa. Akavuta kigoda. Hakutaka kumfanyia jambo hili bila kumwuliza, japo daktari alimwonya kwamba jibu linaweza kusahaulika kabla ya jioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umetoka mbali?"

Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba siku ya baba kutomtambua itafika. Ilikuwa imefika wakati wa kumenya ndizi.

"Sio mbali sana. Nimekuja kuomba mtu wa kazi. Kule mwisho wa mfongo, kwenye mti wa kahawa, hakuna wa kutuambia maji yamefika."

Kisu kikasimama. "Hakuna? Sasa aliyeko juu anajuaje?"

"Ndiyo tabu yetu."

"Hiyo haifai kabisa. Mtu hawezi kugawa kwa kudhani." Alifikiri, uso wote umekunjamana kwa kazi ile. "Mimi naweza. Naanza mlango wa kwetu, kisha nashuka na maji. Nina sauti. Lakini huko juu nani ameshika mingine?"

"Aikande."

"Aikande ndiye nani?"

"Binti wa Anaeli."

"Aaa." Mzee akarudi kumenya, ametulia. "Anaeli namfahamu. Mtu mkali, halafu mbishi. Kama ni binti yake, atagawa sawa."

Aikande alichukua ndizi moja, akaanza kumenya naye. Alimenya vibaya, hakuwa anaona.

* * *

Daktari alihamisha uzi alfajiri ya Jumatatu: mzee alibaki na mlango mmoja, na ile mingine, pamoja na kumbukumbu zake, ikaingia kwenye uzi mpya nyuma ya sikio la Aikande. Saa kumi na mbili Aikande alisimama kwenye banio kuu, maji yanapoingilia mifongo yote, chini ya nyavu, ukungu ukichuruzika kwenye mabomba nyuma yake. Alifumba macho kama alivyomwona baba yake akifumba tangu yeye ni mtoto.

Alikuwa amejiandaa kwa mashine. Aliyoipata ilikuwa kama kusimama mlangoni pa nyumba mia mbili kwa wakati mmoja. Kila mlango ulikuwa na uzito wake na tabia yake. Huu wa shule ulikuwa mwepesi. Ule wa Ndeonasia ulikuwa na kutu kweli, akakaribia kucheka. Ule wa mabwawa ya Bibi Elirehema ulitaka kufunguliwa taratibu usije ukatibua matope, na alijua hivyo bila kufundishwa, kwa sababu kuna mtu alikuwa amelijua kwa miaka thelathini na alama ya uangalifu wake ilibaki kwenye uzi. Ilikuwepo kila mahali. Hapa alipunguza kwa ajili ya mgonjwa, hapa aliongeza kwa ajili ya msiba. Aikande alitembea ndani ya huruma ya baba yake tangu msituni hadi tambarare, akashika nguzo.

Alifungua. Mmoja baada ya mwingine, kwa zamu ya Jumatatu ya mwaka huu, kwa watu waliopo.

Mlango mmoja tu haukuwa wake. Aliusikia ukifunguka bila yeye, kwa mkono mwingine, kwa haraka ya mtu anayependa kazi yake.

Halafu akangoja. Uzi ulimwambia maji yanashuka kwenye mawe meusi, yanapita chini ya ukuta wa shamba, yanaukaribia mti wa kahawa. Uzi ulimwambia yamefika. Hakusikia kitu. Upepo ulitikisa nyavu. Alianza kumwona baba yake amesimama kule chini hajui amefuata nini, kiatu mkononi, anatazama huku na huku, na Ndeonasia, aliyeahidi kumsindikiza, pembeni yake. Daktari alikuwa amemweleza kwamba inaweza kuwa hivyo, siku yoyote, hata ya kwanza.

Kisha kule chini kabisa, hafifu, akasikia sauti ya mwanamke mzee iliyopasuka: "Yamefikaa!"

Ndeonasia hakuwa mtu wa kuanza wito usio wake. Kama ameupokea, ameupokea kwa mtu.

Nyumba ya juu yake ikaudaka. Halafu sauti ya mwanamume mzee, akikohoa katikati ya neno. Halafu sauti mbili pamoja, kwa shangwe, za watu waliokuwa hawajaita hivi tangu ujana wao. Wito ulipanda mlima nyumba kwa nyumba, kupitia midomo ya watu walewale waliokaa ghalani Jumamosi, na katika kila mdomo lilikuwa neno la baba yake. Mahali pa mwisho, kwenye kona iliyo chini ya banio, hapakuwa na nyumba siku hizi. Aikande alidhani wito utaishia hapo.

"Yamefika!" mtu aliita kutoka kwenye kona ile, kwa sauti ya hasira kidogo. Bibi Elirehema alitokeza kwenye ukungu, amevaa buti za bwawani, anahema kwa kupanda. "Yamefika. Na kwangu yamefika, nimepigiwa simu, taratibu kama ninavyopenda. Sasa mbona umeduwaa? Aliyeko juu hujibu."

"Hujibu nini?"

"Hujibu 'Nimesikia.' Asipojibiwa ataita mpaka jua lizame, namjua huyo."

Aikande alijaza kifua, akageukia bonde. Aliita kwa nguvu zake zote, na Bibi Elirehema akaupeleka wito chini, na wa chini yake akaupokea, na neno likaenda zake mbali kati ya migomba, hadi kwa mzee mmoja aliyesimama kwenye maji hadi kifundo cha mguu, ambaye hakumjua aliyeita, lakini alikuwa amengoja ajibiwe.